Msaada wa kijamii kwa wagonjwa wa maradhi sugu katika Shinyanga na Geita

Msaada wa kijamii kwa wagonjwa wa maradhi sugu ni faraja, maarifa, fedha na kazi za mikono ambazo mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu huzipata kutoka kwa ndugu, majirani na wagonjwa wenzake, mbali na dawa anazopewa hospitalini. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, msaada huo una sura yake kwa sababu ya uchimbaji wa dhahabu. Ugonjwa sugu humtaka mtu abaki karibu na kliniki moja na watu wanaomjua kwa miaka mingi, lakini dhahabu huwahamisha watu mara kwa mara. Sehemu kubwa ya juhudi za vikundi vya wagonjwa katika ukanda huu zimekuwa za kutafuta jinsi msaada utakavyomfuata mgonjwa anapohama.

Makala hii inahusu hasa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI (VVU), wagonjwa wa kifua kikuu na silikosisi, na familia zenye watoto wa selimundu.

Maana na aina zake

Mwaka 1981 mwanasosholojia wa Marekani James House aligawa msaada wa kijamii katika aina nne, na mgawanyo huo bado unatumika. Aina ya kwanza ni msaada wa moyo: kusikilizwa, kutembelewa, kutoachwa peke yako. Ya pili ni msaada wa vitendo, kama nauli, chakula, mtu wa kukuchotea maji au kukushikia zamu ya kazi. Ya tatu ni maarifa, na ya nne ni kumsaidia mtu ajipime mwenyewe, yaani ajue kama anayoyapitia ni ya kawaida kwa hali yake.

Aina hiyo ya nne ndiyo ambayo mgonjwa mwenzake huitoa vizuri kuliko daktari. Muuguzi anaweza kueleza kwamba kizunguzungu cha wiki za kwanza za dawa kwa kawaida hupungua. Aliyekipata mwaka jana na leo anabeba viroba vya mawe ni ushahidi unaoonekana kwa macho. Kwa upande mwingine, ndugu wa damu mara nyingi huweza zaidi msaada wa vitendo, kwa kuwa yeye ndiye aliye nyumbani usiku. Mgonjwa anayekosa mmoja wa watu hawa hawezi kufidiwa kikamilifu na mwingine.

Mwaka 1985 wanasaikolojia Sheldon Cohen na Thomas Wills walieleza njia mbili ambazo kwazo msaada huo hufaa afya. Kuwa na watu kunamfaa mtu hata kama hana tatizo lolote wakati huo. Tena, tatizo linapokuja, kuwajua watu wa kukimbilia hupunguza uzito wake hata kabla hajawaomba chochote.

Mazingira ya ukanda wa dhahabu

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Wilaya za Bukombe na Mbogwe zilitoka Shinyanga, na Chato ikatoka Kagera. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,977,608 Geita na 2,241,299 Shinyanga. Migodi mikubwa inajulikana: Geita, iliyoanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu iliyofuata mwaka 2001, na Buzwagi karibu na mji wa Kahama, iliyoanza mwaka 2009. Shinyanga pia kuna mgodi wa almasi wa Mwadui, wa tangu mwaka 1940.

Watu wengi zaidi, hata hivyo, wamo katika uchimbaji mdogo, katika maeneo kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu mkoani Geita au Mwakitolyo mkoani Shinyanga. Huko kazi hufanyika katika maduara, yaani mashimo ambayo kila moja lina mwenyewe, na wachimbaji hulipwa kwa mgawo wa mawe badala ya mshahara. Kuzunguka maduara kuna makarasha ya kusagia mawe, mialo ya kuoshea, mama lishe, wauza maji, waendesha bodaboda na nyumba za wageni.

Dhahabu ikisikika mahali pengine, kambi nzima inaweza kupungua kwa siku chache. Watafiti Jesper Bosse Jønsson na Deborah Bryceson walieleza mwaka 2009 kwamba kuhamahama kwa wachimbaji wadogo wa Tanzania si fujo tu: ni njia ya kujifunza kazi, kupanda cheo na kujenga mtandao wa kufahamiana kutoka machimbo hadi machimbo. Mchimbaji anayefika mahali papya hupokelewa na aliyewahi kufanya naye kazi kwingine. Udugu huo wa machimboni ni msaada wa kijamii wa kweli, nao humpatia mgeni chakula na mahali pa kulala. Lakini umejengwa juu ya nguvu za mwili. Asiyeweza kushuka shimoni hana mgawo, na asiye na mgawo hana sababu ya kubaki kambini.

Wenyeji wengi wa ukanda huu ni Wasukuma, ambao kwao kusaidiana kwa zamu ni jambo la zamani. Vijana walilima shamba la mmoja wao leo na la mwingine kesho, na ngoma ya majembe ya bugobogobo inatokana na kazi hiyo ya pamoja. Msiba nao una taratibu zake za michango. Mazoea hayo yalijengwa kwa ajili ya shida zenye mwisho, kama palizi, mazishi au nyumba iliyoungua. Ugonjwa usio na mwisho huyachosha. Majirani watachangia mara ya kwanza na ya pili, lakini nauli ya kliniki ya kila mwezi kwa miaka ishirini si kitu ambacho desturi ya mchango ilikipangia. Pengo hilo ndilo lililozaa vikundi vya wagonjwa wenyewe.

Watu wanaoishi na VVU

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, ambao sehemu yake ya mashariki sasa ni wilaya ya Chato. Kwa miaka ishirini iliyofuata hapakuwa na dawa kwa mtu wa kawaida, na msaada wa kijamii ulikuwa karibu ndiyo tiba pekee. Chama cha WAMATA kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1989. SHDEPHA+, chama kilichoundwa na watu wenyewe wanaoishi na VVU, kilifuata mwaka 1994, na jina lake liliendelea Kahama katika shirika la SHDEPHA+ Kahama. Kazi za vikundi vya wakati huo zilikuwa kutembelea wagonjwa majumbani, kuwaosha, kuwalisha na kuwatunza yatima.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004, na tangu mwaka 2016 kila anayegundulika huanzishiwa dawa mara moja. Kazi ya vikundi ikabadilika kutoka kumsindikiza anayekufa hadi kumsaidia anayeishi asiache vidonge. Utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulikadiria maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 5.9 Shinyanga na asilimia 5.0 Geita, wakati kiwango cha taifa kilikuwa karibu asilimia 5. Hivyo takwimu hazionyeshi ukanda wa dhahabu ukiwa mbali sana na nchi nzima. Wanaopotea katikati ya matibabu ndio tatizo kubwa zaidi hapa.

Katika kila wilaya watu wanaoishi na VVU, ambao kwa kifupi huitwa WAVIU, wana chombo chao kinachoitwa Konga. Konga huunganisha vikundi vya vijijini na mitaani, na juu yake kuna baraza la taifa, NACOPHA. Ndani ya kliniki ya tiba na matunzo, ambayo kila mtu huiita CTC, wapo WAVIU washauri. Hawa ni wagonjwa wazoefu wanaowapokea wapya, kuwaeleza taratibu, na kuwafuatilia kwa simu au kwa miguu wasiofika siku yao. Wengi wao hawana ajira ya serikali na hulipwa posho ndogo na miradi.

Anayeanza dawa hutakiwa kumtaja msaidizi wa matibabu, yaani mtu anayejua hali yake na atakayemkumbusha. Kwa mkulima wa Kishapu anayeishi na mke, mama na kaka, swali hilo ni jepesi kidogo, ingawa kumwambia mke kunaweza kuwa na uzito wake. Kwa kijana aliyefika Rwamgasa wiki tatu zilizopita ni gumu. Akimtaja ndugu aliye Tabora, msaidizi huyo yuko mbali. Akimtaja mwenzake wa duara, anaweka siri yake mikononi mwa mtu ambaye wanagawana naye mawe. WAVIU mshauri huziba nafasi hiyo kwa sababu hakuna cha kumficha, naye ana hali ileile.

Kuhama kwenyewe kuna utaratibu. Kila mgonjwa ana namba ya CTC inayoonyesha mkoa, wilaya na kituo alichoandikishwa, na anapohama hupewa barua ya uhamisho. Habari ya dhahabu mpya haisubiri barua. Wengi huondoka na vidonge walivyo navyo, na vikiisha hujiandikisha upya kituo kingine kama wagonjwa wapya. Katika daftari la kituo cha kwanza wamepotea. Katika la pili wameanza leo. Mshauri wa kituo cha kwanza anayejua namba ya simu ya mgonjwa na jina la rafiki yake ndiye mara nyingi anayegundua kwamba mtu huyo hakuacha dawa bali amehama.

Njia mojawapo ya kukabiliana na hali hii ni kutoa dawa za miezi mitatu, na kwa baadhi ya wagonjwa walio imara za miezi sita kwa mara moja. Nchi jirani zilikwenda mbele zaidi. Huko Tete, Msumbiji, tangu mwaka 2008 wagonjwa waliunda vikundi vidogo ambavyo mwanachama mmoja alikwenda kliniki kwa zamu na kuwachukulia wenzake wote dawa. Ni wazo ambalo mtu aliyekulia katika kulima kwa zamu halielewi kwa shida, lakini linahitaji wanachama wanaobaki mahali pamoja, na hapo ndipo machimbo yanapoleta ugumu.

Watoto na vijana

Mtoto aliyezaliwa na VVU ana shida tofauti: mara nyingi anameza vidonge kwa miaka kadhaa bila kuambiwa ni vya nini. Shirika la AGPAHI, lililoanza kazi mwaka 2011, liliendesha klabu za watoto na vijana katika vituo vya Shinyanga, Geita na mikoa ya jirani, pamoja na kambi zilizoitwa Ariel, ambako watoto walikutana kwa siku kadhaa kucheza na kujifunza. Mwanza, kituo cha watoto cha Baylor kilichofunguliwa mwaka 2011 kwenye eneo la Hospitali ya Bugando nacho kina klabu ya vijana. Moshi ulianzishwa mpango wa Sauti ya Vijana, ambao vikao vyake vinaongozwa na vijana wenyewe wanaoishi na VVU, wakiwa wamefundishwa mbinu za kuzungumzia huzuni, hofu na namna ya kujiweka wazi kwa wengine. Jambo la msingi katika yote haya ni dogo: mtoto anaona kwamba hayuko peke yake, na kwamba aliye na miaka ishirini na mitano anaishi na ana kazi.

Fedha na chakula: majaribio ya Shinyanga

Shinyanga inajulikana katika vitabu vya utafiti kwa majaribio mawili yaliyopima msaada wa vitendo kwa uangalifu ambao si wa kawaida.

La kwanza lilifanyika kuanzia mwishoni mwa 2013 katika kliniki tatu, kwa watu wazima 805 walioanza dawa za VVU karibuni na ambao kwao chakula kilikuwa haba. Wote walipata ushauri wa lishe. Baadhi waliongezewa fedha kila mwezi, na wengine kapu la chakula, kwa muda usiozidi miezi sita, mradi wafike kliniki. Baada ya miezi sita, waliokuwa na dawa mkononi kwa angalau asilimia 95 ya siku walikuwa asilimia 85 kati ya waliopewa fedha, asilimia 79 kati ya waliopewa chakula, na asilimia 63 kati ya waliopata ushauri peke yake. Fedha haikuwa duni kuliko chakula. Wengi walitarajia kinyume, wakidhani fedha ingepotea kwenye pombe.

La pili lilifanyika mwaka 2018 katika kliniki nne, kwa watu wazima 530. Mgonjwa alitambuliwa kwa alama za vidole, na akifika siku yake alitumiwa fedha kwenye simu: kundi moja Sh 10,000 kwa mwezi, jingine Sh 22,500, na la tatu halikupewa kitu. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado kwenye matibabu na virusi vikiwa vimefubaa walikuwa asilimia 73 kati ya wasiopewa, asilimia 83 kati ya waliopata kiasi kidogo, na asilimia 86 kati ya waliopata kikubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Sh 10,000 kwa mwezi haitoshi kumtajirisha mtu. Tofauti kati ya kiasi kidogo na kikubwa, kama inavyoonekana, ni ndogo kuliko tofauti kati ya kupata na kutopata. Hili linaonyesha kwamba fedha hizo zilikuwa zikiondoa vizuizi vidogo vinavyomfanya mtu akose siku yake: nauli ya bodaboda, siku ya kibarua iliyopotea, kumeza dawa tumbo likiwa tupu.

Vikundi vya wagonjwa vilijua hivyo kabla ya majaribio. Vingi vyao pia ni vikundi vya hisa au VICOBA. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, hukopeshana, na huweka pembeni mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kikundi kiliweza pia kumchangia mwanachama Sh 30,000 za CHF iliyoboreshwa, iliyohudumia kaya ya watu hadi sita. Faida nyingine haisemwi sana: mtu anayeonekana kila Jumamosi akienda kwenye kikao cha hisa hahitaji kueleza ni kikao cha nini. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama hivi vinatakiwa kusajiliwa. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri hutolewa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ugonjwa sugu si mojawapo ya mafungu hayo, kwa hiyo wagonjwa wanaoitafuta huomba kama wanawake au vijana, na mwanamume wa makamo hubaki nje.

Kifua kikuu na vumbi la mawe

Dhahabu ya ukanda huu kwa kiasi kikubwa imo ndani ya mawe magumu yenye silika. Kuchoronga na kusaga mawe makavu hutoa vumbi laini linaloingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaacha na makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa, na hurahisisha kifua kikuu kushika. Utafiti juu ya wachimbaji dhahabu wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba mtu mwenye silikosisi na VVU kwa pamoja yuko katika hatari ya kifua kikuu ambayo ni zao la hatari hizo mbili, si jumla yake.

Tanzania ina historia ndefu katika matibabu ya kifua kikuu. Mpango wa taifa ulianzishwa mwaka 1977, na kazi ya daktari Karel Styblo humo ndiyo iliyokuwa msingi wa mkakati wa dunia wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa. Mwanzoni msimamizi alikuwa mhudumu wa afya. Kuanzia mwaka 2006 mgonjwa alianza kuruhusiwa kuchagua kusimamiwa nyumbani na mtu anayemwamini. Waliopona nao walijiunga katika vikundi. Kimojawapo kilichojulikana ni MUKIKUTE cha Temeke, Dar es Salaam, ambacho wanachama wake huwatafuta wenye kikohozi mitaani na kuwapeleka kupima.

Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita, kwa hiyo msaada wake una mwisho. Silikosisi haina mwisho, na hapa ndipo ukanda wa dhahabu una upungufu mkubwa kuliko wote. Afrika Kusini wachimbaji walishtaki makampuni ya dhahabu kwa pamoja na kufikia makubaliano ya fidia mwaka 2018. Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini umewekwa kwa ajili ya walioajiriwa. Mchimbaji anayelipwa kwa mgawo wa mawe hana mkataba, na aliyefanya kazi katika maduara kumi hawezi kusema ni lipi lililomwumiza. Akishindwa kupumua hurudi kijijini kwao, na kule hakuna mwenzake hata mmoja mwenye ugonjwa huo. Wagonjwa wa silikosisi wametawanyika kwa namna ambayo kikundi hakiwezi kuzaliwa chenyewe.

Familia zenye selimundu

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Husababisha maumivu makali, upungufu wa damu na maambukizi ya mara kwa mara. Kanda ya Ziwa ni mojawapo ya sehemu zenye ugonjwa huu kwa wingi. Uchunguzi wa sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi, uliofanyika Bugando, ulikuta kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano ana kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi kidogo ya asilimia moja wana ugonjwa wenyewe.

Msaada unaohitajika hapa ni wa mzazi kwa mzazi, hasa mama. Mama hujifunza kwa wenzake mambo ambayo hayamo kwenye kadi ya kliniki: kumfunika mtoto kabla ya baridi ya alfajiri, kumnywesha maji bila kungoja aombe, kutambua kilio cha maumivu na kilio cha usumbufu, na kumweleza mwalimu kwa nini mtoto huyu asichapwe kwa kukosa shule. Lawama nayo ni nzito. Kwa kuwa watu wengi hawajui kwamba vinasaba hutoka kwa wazazi wote wawili, mama mara nyingi huambiwa kwamba ugonjwa ni wa kwao. Mazungumzo na mama mwingine aliyekwisha sikia maneno hayohayo huwa na thamani ambayo maelezo ya daktari hayafikii.

Kwa familia za Geita, kliniki kubwa ilikuwa ng'ambo ya maji. Njia fupi ya kwenda Bugando hupita Busisi, ambako kwa miaka mingi magari yalisubiri kivuko, mchana na usiku. Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Kwa bahati, hiyo ndiyo Siku ya Selimundu Duniani.

Simu

Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo mchango haukuhitaji tena watu kuwa mahali pamoja. Kundi la WhatsApp lilifanya vivyo hivyo kwa mazungumzo. Kwa mgonjwa anayehamahama haya ni mabadiliko makubwa, kwani namba ya simu ni kitu kimojawapo kati ya vichache anavyohama navyo.

Ushahidi wa mapema kwamba simu inaweza kubeba msaada ulitoka Kenya. Katika jaribio la WelTel, lililochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 538 walioanza dawa za VVU waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe kila wiki wenye neno moja, "Mambo?", na mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwa "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" au asiyejibu alipigiwa simu na muuguzi. Waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo, na asilimia 50 katika kundi lisilotumiwa ujumbe. Ujumbe haukutaja dawa wala ugonjwa. Hata simu ikishikwa na mtu mwingine, alichokiona ni salamu.

Makundi ya simu yana mipaka inayoeleweka kwa yeyote aliyewahi kuishi machimboni. Simu huibiwa au huuzwa siku ngumu, laini hubadilishwa, na chini ya shimo hakuna mtandao. Wasiojua kusoma hutegemea ujumbe wa sauti, ambao ni hatari zaidi ukisikika kwa wengine. Kundi kubwa pia hukaa kimya kuhusu mambo mazito, kwa sababu hakuna anayejua nani mwingine anasoma.

Siri, uvumi na madhara

Si kila msaada wa kijamii humfaa mgonjwa. Mwaka 2011 habari za dawa ya kikombe iliyotolewa na mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila huko Samunge, Loliondo, zilienea mdomo kwa mdomo, na watu kutoka Kanda ya Ziwa na kwingineko walijazana kwenye magari kwenda huko. Majirani walichangiana nauli kwa moyo mwema. Miongoni mwa waliokunywa walikuwapo watu wa VVU na kisukari walioamini wamepona na kuacha dawa zao. Undugu uleule unaomkumbusha mtu vidonge ulimshauri aviache.

Hatari nyingine ni kufichuliwa. Kujiunga na kikundi ni kujitambulisha, na katika mji mdogo wa machimbo habari hufika kazini kabla ya mtu mwenyewe kurudi. Mama lishe anayejulikana ana VVU anaweza kukosa wateja, ingawa chakula hakiambukizi virusi. Ndiyo sababu wengine huruka kituo cha jirani na kuchukulia dawa mbali, wakilipa nauli ya ziada kununua usiri. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na kutoa hadharani hali ya mtu bila ridhaa yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Sheria hizo husaidia zaidi dhidi ya ofisi kuliko dhidi ya jirani.

Hali baada ya 2025

Kwa miaka mingi posho za WAVIU washauri, nauli za ufuatiliaji, klabu za watoto na kambi zao zilitegemea fedha za nje, hasa mpango wa Marekani wa PEPFAR ulioanza mwaka 2003. Januari 2025 serikali ya Marekani iliamuru misaada yake ya nje isimame kwa siku 90 ili ichunguzwe, na baadaye mwaka huohuo shirika la USAID likavunjwa. Dawa zenyewe zilipewa kipaumbele katika misamaha iliyofuata. Kazi ya kumfuata aliyekosa siku yake, ambayo haina kopo wala lebo, ni rahisi zaidi kukatwa katika bajeti.

Vikundi vya hisa havikuhitaji fedha hizo na viliweza kuendelea na vikao vyao. Lakini kikundi cha hisa humjua mwanachama aliyepo. Aliyeondoka usiku kwenda kwenye machimbo mapya hatafutwi na kikundi, isipokuwa awe na deni.